Anayetoka damu hawezi kungoja kwenye bariere



Katika mazungumzo yetu juu ya amani tumezoea kuongea juu ya uchaguzi, mashamba, mipaka ya vijiji na haki za mtu aliyefungwa. Leo tuongee juu ya damu. Sisemi damu kwa mfano, kama vile tunavyosema damu ya ukoo. Nasema damu yenyewe, ile nyekundu inayotoka mtu akipigwa risasi, akikatwa panga, akianguka na pikipiki, au mama akizaa na damu ikakataa kusimama.

Utaniuliza: wewe ni mtu wa sheria, mambo ya damu yanakuhusu nini? Yananihusu hivi. Katika inchi yetu wako watu waliojeruhiwa ambao risasi haikuwaua. Kungoja ndiko kuliwaua. Walingoja bariere ifunguliwe. Walingoja jamaa watafute franga. Walingoja mtu mmoja asiyeogopa awabebe. Kungoja kwa namna hiyo hakuteremki kutoka mbinguni, ni kazi ya watu. Na kitu kinachofanywa na watu, watu wanaweza kukiacha. Ndiyo sababu ni jambo la amani.

Ili nielewe vizuri, nilimwomba kijana mmoja anayesoma udaktari, yuko mwaka wa nne, anieleze yale wanayofundishwa juu ya mtu anayepoteza damu. Nilimwambia: nieleze kama unavyomweleza mama yako. Akanieleza kwa uvumilivu, nami nawaletea.

MWILI UNAFANYA NINI DAMU IKITOKA

Mtu mzima mwenye kilo 70 ana damu karibu lita 5. Ni sawa na kidumu kidogo cha mafuta ya kupikia. Mtoto wa kilo 10 ana karibu mililita 800 tu, haifiki hata lita moja. Kwa hiyo damu ambayo kwa baba ni kidogo, kwa mtoto inaweza kuwa kifo. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka.

Mtu mzima mwenye afya akipoteza chini ya asilimia 15 ya damu yake, yaani hadi mililita 750 hivi, mwili wake huvumilia. Akipita hapo, moyo unaanza kukimbia na kupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika. Mikono na miguu inakuwa baridi, jasho linatoka, kiu inamshika, wasiwasi unaingia. Hapo mwili unafanya kazi ya ajabu. Unabana mishipa ya ngozi, ya matumbo na ya figo, ili damu kidogo iliyobaki iende kwanza kwenye moyo na kwenye ubongo. Mwanafunzi yule alisema: ni kama jamaa wakati wa njaa, wakubwa wanalala bila kula ili watoto wapate.

Lakini humo ndimo hatari inamojificha. Wakati mwili unajitahidi hivyo, tansio inaweza kubaki nzuri. Mgonjwa anaongea, anakuambia, «Sina neno, niacheni nipumzike.» Watu wanatulia, wanaanza kubishana nani atalipa gari. Kumbe damu inaendelea kutoka, pengine ndani ya tumbo ambamo macho hayafiki. Ikipita asilimia 30, nguvu za mwili zinashindwa. Moyo unapita mapigo 120, tansio inaanguka, akili inachanganyika. Ikipita asilimia 40, yaani lita 2 hivi, kifo kiko mlangoni. Vijana na watoto ndio wanaodanganya zaidi, kwa sababu mwili wao unashindana kwa muda mrefu, kisha unaanguka kwa ghafula.

Hali hiyo waganga wanaiita shoku. Si ile tunayosema mtu akipata habari mbaya. Maana yake ni kwamba damu haizunguki tena vya kutosha, na viungo vya mwili vinakosa hewa, kimoja kimoja. Tena mabaya hayo yanasaidiana: mtu aliyepoteza damu nyingi anapata baridi, na baridi inazuia damu kuganda, na damu isiyoganda inazidi kutoka.

Jambo lingine alilofundishwa, nami sikulijua: pakiwa na majeruhi wengi, usimkimbilie tu yule anayelia kwa sauti kubwa. Anayelia bado ana pumzi ya kulia. Mwangalie pia yule aliyenyamaza kwenye kona, mwenye midomo iliyopauka, anayetaka kulala. Pengine yeye ndiye anayekwenda.

DAKIKA 15

Sasa tuhesabu wakati. Iko dawa inayosaidia damu kuganda, inaitwa asidi traneksamiki. Ni dawa ya zamani. Mwaka 2010 waganga walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika inchi 40, kwa majeruhi zaidi ya 20,000. Waliona kwamba dawa hiyo inaokoa maisha. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine, nao kwa watu zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya akina mama wanaotoka damu nyingi baada ya kuzaa, hasa wakiipata mapema.

Lakini dawa hiyo ina sharti: itolewe upesi, kabla ya masaa 3 kupita. Baada ya hapo haisaidii, na kwa majeruhi inaweza hata kudhuru. Mwaka 2018 wachunguzi walikusanya hesabu za wagonjwa zaidi ya 40,000 wa chunguzi hizo mbili. Wakaona kwamba kwa kila dakika 15 za kuchelewa, faida ya dawa inapungua kwa karibu asilimia 10.

Ndugu msikilizaji, dakika 15 ni nini kwetu? Ni muda wa kumshusha mgonjwa kwenye pikipiki ili wamtazame kitambulisho. Ni muda wa kubishana juu ya franga za kupita. Ni muda wa kumwuliza, «Jina lako nani? Baba yako anatoka wapi? Unasema luga gani?» Yule anayeuliza haoni kwamba ameua. Hakupiga risasi, hakuinua panga. Aliuliza tu maswali. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Kwa mtu anayetoka damu methali hiyo haifai.

DAMU HAIULIZI KABILA

Tuseme sasa mgonjwa amefika hospitali, na anahitaji kuongezewa damu. Ni damu ya nani itakayomfaa?

Mwaka 1901 munganga mmoja wa Vienna, jina lake Karl Landsteiner, alionyesha kwamba damu za watu zina makundi. Leo tunayaita A, B, AB na O, na tena kuna alama ya Rezusi, chanya au hasi. Ukimpa mtu damu ya kundi lisilopatana na lake, unaweza kumwua. Makundi hayo hayafuati kabila, wala luga, wala upande wa mlima unakotoka. Mbashi, Mhutu, Mtutsi, Mnande, Mfulero, Mbembe, Mluba, Mzungu: kila watu wana A, wana B, wana O. Mtoto wa mama yako mwenyewe anaweza kuwa na damu isiyokufaa. Na yule unayemwita adui anaweza kuwa na damu inayokufaa kabisa.

Wako watu waliojaribu kuilazimisha damu ifuate rangi. Huko Marekani, wakati wa vita kuu ya pili, damu ya watu weusi ilikataliwa kwanza, halafu kuanzia 1942 ikapokelewa lakini ikatengwa na damu ya wazungu. Utengano huo wa Msalaba Mwekundu wa Marekani uliendelea mpaka 1950. Na mmoja kati ya watu waliofanya kazi kubwa zaidi ya kupanga namna ya kukusanya na kuhifadhi damu kwa ajili ya vita hivyo alikuwa Charles Drew, munganga mweusi. Alisema wazi kwamba utengano huo hauna msingi wowote katika elimu. Tujiulize: ni mara ngapi sisi tumefanya vile vile, tukisema «ndugu yangu hawezi kutiwa damu ya mtu wa kule»?

Na kutoa damu si kufa. Mtu anayetoa damu hospitalini hutoa karibu mililita 450, chini ya ile asilimia 15 ambayo mwili unavumilia. Maji ya damu yanarudi katika siku chache, na chembe nyekundu katika majuma kadhaa. Mwanaume mwenye afya anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Damu inapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha inahifadhiwa kwenye baridi kwa siku zinazohesabika tu. Kwa hiyo mtu asingoje ndugu yake ajeruhiwe ndipo aende kutoa. Damu itakayokuokoa usiku wa leo ni ile ambayo mtu asiyekujua aliitoa juma lililopita.

SHERIA INASEMA NINI

Sasa niingie kwenye kazi yangu.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inasema kwamba mtu ni mtakatifu, na kwamba kila mtu ana haki ya uhai na haki ya mwili wake kutodhuriwa. Kifungu cha 47 kinalinda haki ya afya.

Kitabu cha sheria za makosa na azabu, kifungu cha 66 ter, kinamwazibu mtu anayemwacha kwa kusudi mwenzake aliye katika hatari, wakati angeweza kumsaidia yeye mwenyewe au kwa kuita msaada, bila kujiletea hatari yeye au watu wengine. Sikiliza vizuri maneno hayo ya mwisho. Sheria haikutumi ukimbilie kwenye risasi. Haikuombi uwe shujaa. Inakukataza tu kukunja mikono wakati mkono wako ungeweza kusaidia. Na kifungu hicho hakisemi «raia tu»: kinamgusa mwenye gari, kinamgusa askari, kinamgusa pia yule aliye kwenye mlango wa hospitali.

Wakati wa vita kuna sheria ya mataifa. Mapatano manne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949, ambayo Kongo iko ndani yake tangu 1961, yana kifungu cha 3 kinachofanana katika yote manne. Kifungu hicho kinahusu vita vya ndani ya inchi, na kinawafunga wote wenye silaha, jeshi la serikali na makundi mengine pia. Kinaagiza kwamba majeruhi na wagonjwa waokotwe na watunzwe, bila ubaguzi. Hakiulizi alikuwa upande gani. Askari aliyejeruhiwa na kuacha kupigana si wa kuuawa tena, ni mgonjwa. Na mkataba wa Roma, uliothibitishwa na inchi yetu mwaka 2002, unahesabu kushambulia hospitali kwa kusudi kuwa kosa la vita.

Sisi watu wa Kivu tunajua kwa nini sheria hiyo iliandikwa. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, katika teritware ya Uvira, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi waliuawa pia. Munganga aliyeiongoza hospitali ile wakati ule, Denis Mukwege, aliokoka, akaenda kuanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Ulimwengu ulimsifu, na ni haki. Lakini wale wa Lemera bado wanangoja hukumu.

Najua mmoja wenu anasema moyoni: «Ndugu mwalimu, huyu aliyelala hapa ndiye aliyechoma nyumba yangu. Nimfunge kidonda?» Sitakudanganya kwamba ni jambo jepesi. Nakujibu kama mtu wa sheria: maiti haipelekwi mahakamani. Ukimwacha afe, hutajua nani alimtuma, hutajua wengine wako wapi, na watoto wake watakulipa wewe deni hilo. Akipona, anaweza kusimama mbele ya jaji na kujibu. Kumtunza majeruhi si kumsamehe. Msamaha ni jambo lako wewe na Mungu wako. Hukumu ni ya jaji. Kidonda ni cha munganga. Tusichanganye kazi hizo tatu.

BARIERE NNE

Bariere si kamba tu iliyofungwa barabarani. Mimi naziona nne.

Ya kwanza ni ile ya njiani. Ninyi vijana mnaosimama hapo, wa jeshi, wa polisi au wa kundi lolote, tuliahidiane jambo moja: mgonjwa apite kwanza, maswali baadaye. Mkitaka, mtu mmoja amsindikize hadi hospitali. Lakini pikipiki isisimame. Kumbukeni kwamba kesho ni dada yenu mwenye mimba atakayefika kwenye bariere ya wengine.

Ya pili ni woga. Mwenye pikipiki anaogopa kumbeba majeruhi, kwa sababu atasemwa kwamba ndiye aliyemjeruhi. Kumbeba mtu si kosa. Jilinde hivi: ita watu wawili washuhudie, mpashe habari shefu wa avenyu au wa kijiji, acha jina lako hospitalini. Na sisi wengine tuwe mashahidi wema. Tukimwacha peke yake mtu aliyetenda mema, siku nyingine hatatokea mtu.

Ya tatu ni franga. Mara ngapi tumesikia jamaa wakitumwa kwanza kutafuta malipo, wakati mgonjwa wao yuko chini kwenye baraza? Najua hospitali nazo zina shida, wauguzi wanakaa miezi bila mshahara. Lakini kuzuia damu isitoke hakungoji risiti. Kwa upande wetu, avenyu, kanisa, msikiti na shirika la akina mama wanaweza kuanzisha sanduku dogo la dharura. Kila jamaa ikiweka kidogo kila mwezi, mtu wa kwanza kujeruhiwa atakuta njia imekwisha kufunguliwa.

Ya nne ni chuki. Hiyo iko ndani, haina kamba. Ni ile inayomfanya mtu apite kando na kusema, «Si wetu.»

MIKONO YAKO INAWEZA NINI

Kabla ya munganga, kuna wewe. Mwanafunzi yule aliniomba niwaambie mambo haya, nami nayasema polepole ili mwenye kalamu aandike.

1. Hakikisha kwanza kwamba pale ulipo hapana hatari tena. Funika mikono yako kwa mfuko wa plastiki kama huna glavu.
2. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, moja kwa moja. Usifungue kila mara kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, endelea kukandamiza.
3. Kama damu ya mkono au ya mguu haikubali kusimama, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, upande wa kuelekea mwilini, si kwenye kiungo. Kaza kwa kijiti mpaka damu isimame. Andika saa. Usikilegeze, munganga ndiye atakayekifungua.
4. Kisu au chuma kilichoingia usikichomoe.
5. Mlaze chini, mfunike asipate baridi. Akizimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu.
6. Usimpe chakula wala pombe, wala dawa ya kunywa. Usitie udongo wala majani kwenye kidonda.
7. Mpeleke upesi, hata kama anasema hana neno. Njiani ongea naye.

Mambo hayo saba yanaweza kufundishwa shuleni, sokoni, kwenye kituo cha pikipiki, na hata kwa vijana wa bariere. Kijana aliyejifunza kufunga kidonda ataona mgonjwa kwa macho mengine akifika mbele yake.

Ndugu wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Kama kawaida, ninawaachia maswali ya kujadili katika makundi yenu ya kusikiliza redio:

Kutoka kwenu mpaka hospitali iliyo karibu, kuna bariere ngapi, na ni nani anayeweza kwenda kuongea na wakubwa wake juma hili?

Usiku, mama akishikwa na damu, ni nani mwenye pikipiki anayekubali kuamshwa? Jina lake mnalijua?

Ni nani kati yenu aliyekwisha kutoa damu? Wengine wanazuiwa na nini?

Tuandikieni majibu yenu, tutayasoma hapa.